Pale Picha Inapoishia

Runinga ilikuwa imezimwa na waya wake umechomolewa ukutani, lakini Mwalimu alisema bado inalia.

Mumewe, fundi wa mashine za gemu, aliinua kichwa kutoka kwenye meza yake ya kazi, akatega sikio. Hakusikia kitu. Alimweleza mkewe kwamba runinga za chogo, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, hutoa kweli mlio mwembamba kama wa mbu, na kwamba husikiwa na wenye masikio mazima. Ya kwake yalikwisha kuliwa na miaka ya feni na kulehemu. Ila runinga iliyochomolewa hailii. Mwalimu akasema basi itakuwa mimba, maana siku hizo kila kitu kilikuwa mimba: kiungulia, usingizi, hata kuchukia harufu ya sabuni. Wakacheka. Akarudi chumba cha ndani kuegemea mito yake. Daktari alikuwa amemtoa darasani kabla ya wakati na kumwamuru apumzike, na kupumzika ndiyo kazi pekee ambayo mwalimu huyo wa hesabu hakuijua.

Nyumba yao ilikuwa nyembamba na ndefu. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kilikuwa karakana. Nyuma yake chumba cha kulala, kisha jiko, kisha ua mdogo wa kuanikia nguo. Wateja wa Fundi hawakuwa watoto. Walikuwa watu wazima wenye vitambi na funguo za gari, waliotaka kucheza tena gemu za utotoni mwao kwenye runinga pana za siku hizi, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mashine za zamani hutoa picha ya karibu mraba. Ukiiweka kwenye runinga pana, ama unabaki na vipande viwili vyeusi huku na huku, ama picha inavutwa mpaka mashujaa wote wanakuwa na nyuso za watu walioumwa na nyuki. Fundi alijua njia ya tatu. Aliingia ndani ya mashine yenyewe, akabadilisha hiki na kile, akailazimisha ichore zaidi ya ilivyozoea. Si zote zilikubali, lakini iliyokubali ilifunguka kama dirisha lililosukumwa.

Kazi hiyo aliipenda na alipenda kuieleza. Alimwambia mkewe kwamba mashine hizo ni maskini, hazina nguvu ya kuchora ulimwengu mzima, kwa hiyo huchora pale tu mchezaji anapotazama. Akigeuka, nyuma yake hakuna kitu. Si kwamba kuna giza, alisema. Hakuna kitu kabisa. Ndiyo maana ukiipanua picha unaona mambo ya ajabu kwenye kingo: mti nusu, ukuta uliokatika, watu waliosimama wima kama magogo wakingoja kuonwa ndipo waanze kutembea.

Mashine iliyoleta balaa ililetwa na mjane mmoja, ikiwa imefungwa ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya marehemu mumewe, alisema, na alitaka iende kwenye runinga pana. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Kabla ya kuondoka aliuliza kama kazi ikikamilika ataweza kuona vyote vilivyopo pembeni. Fundi akamhakikishia, akidhani amepata mteja anayethamini kazi safi.

Alipoifanyia majaribio ilikuwa alasiri, jua limeingia kwa mlango wa barabarani na kulala sakafuni. Alikuwa nyuma ya runinga pana ya karakana, bisibisi mkononi, akikaza kiungio kimoja kilicholegea, na kwa kuwa huko nyuma hakuweza kuona kioo, alimwomba mkewe akae kwenye stuli amsomee kinachotokea. Mwalimu akasoma kama anasoma mtihani. Sasa kuna nyumba. Sasa kuna njia, na ukungu. Sasa picha inafunguka, kushoto kunazidi, kulia kunazidi.

Kisha akainamia kioo.

"Kuna mtu," akasema.

Fundi akauliza wapi. Mwalimu akajibu kwamba ni kushoto kabisa, pale picha inapoishia, na kwamba mtu huyo amechorwa vizuri kuliko vitu vingine. Fundi hakutilia maanani, ingawa hilo ndilo lililopaswa kumshtua, kwa sababu katika gemu za umri ule nyumba ni masanduku, miti ni vibao, na uso wa mtu ni madoa matano ya rangi. Mkewe alikuwa anamwambia kwamba anaona mikunjo ya nguo. Anaona kucha.

"Ananipungia mkono," Mwalimu akasema.

"Mpungie na wewe basi," Fundi akajibu kwa mzaha, meno yakiwa yameshika skrubu.

Alipotoka nyuma ya runinga, mkono wa mkewe ulikuwa bado juu. Kwenye kioo hapakuwa na mtu, ila njia, na ukungu, na nyumba ya masanduku. Kulikuwa na harufu. Vumbi la runinga lililopata moto, akadhani, ingawa chini yake kulikuwa na kitu kingine, kama nywele zilizokaribia moto. Akafungua dirisha.

Siku iliyofuata alimwita kutoka karakana, hakuitika. Aliingia chumbani, mito ilikuwa na shimo la mgongo wake lakini mwenyewe hayupo. Jikoni hayupo. Uani shuka zilikuwa zikipepea, hayupo. Akarudi chumbani akamkuta amesimama kando ya kitanda, uso umeelekea ukutani, na alipomgusa bega lilikuwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani. Mwalimu aligeuka akashangaa anavyohema. Alisema alikuwa amesimama tu kuchukua kitana. Fundi alijicheka, akasema labda walipishana, ingawa katika nyumba kama ile watu wawili hawawezi kupishana bila kugusana viwiko.

Ikatokea tena, na tena. Chai aliyompelekea ilipoa mezani. Redio aliyokuwa akiisikiliza ilikuwa ikizungumza na chumba kitupu. Kila mara alionekana tena pale Fundi alipogeuza macho kumtafuta kwa mara ya pili au ya tatu, amesimama mahali fulani akiipa dunia mgongo, na kila mara ile harufu ilimfuata nyuma. Mwanzo hakukumbuka kitu. Baadaye akaanza kukumbuka, akanyamaza nalo, mpaka mchana mmoja Fundi alipomsihi.

Alimwambia polepole, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikiwa na ukuta. Alisema akitazamwa yupo. Fundi akiwa mbele yake, au jirani akimsalimu dirishani, yupo kama watu wengine. Lakini macho ya mwisho yakishamtoka, mlio ule wa mbu unaanza, na hajui hata kope imepepesa lini, anajikuta kwenye njia yenye ukungu, hakuna mbele wala nyuma, na hawezi kusogeza hata kidole. Anangoja. Hawezi kufanya chochote ila kungoja mtu amtazame.

"Na si peke yangu," akasema. "Yuko pembeni. Mwanzo alikuwa mbali."

Fundi alimshika mikono yake miwili, akamtazama bila kupepesa mpaka macho yakamwaga machozi yenyewe.

Alfajiri aliichukua mashine ya mjane, akaitoa uani, akaivunja kwa nyundo. Alivunja vipande, kisha akavivunja vipande vya vipande, kisha akavitia moto kwenye pipa mpaka plastiki ikatiririka. Wifi, dada mkubwa wa Fundi ambaye alikuwa amepigiwa simu usiku aje kumtazama mgonjwa, alisimama mlangoni na begi lake la nguo akiwa ndiyo kwanza anashuka, akauliza kama siku hizi hivyo ndivyo wageni wanavyopokewa. Wifi alikuwa mpishi wa hospitali, mwenye mikono ya kubeba masufuria na mdomo wa kubeba mji mzima. Alipoelezwa alicheka. Alisema mimba ya kwanza hupagawisha baba kuliko mama, na kwamba wote wawili wanahitaji kula na kulala.

Mzaha ulimtoka kabla ya mchana. Walikuwa jikoni yeye na Mwalimu, wakimenya viazi kwenye karai moja, wakizungumza juu ya majina ya watoto. Wifi aligeukia jiko kupunguza moto. Alipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu, kisu kiko sakafuni bado kinayumba, na ganda la kiazi, lile refu ambalo Mwalimu alikuwa akilimenya bila kulikata, lilikuwa likining'inia kwenye ukingo wa karai. Mlango wa uani ulikuwa na komeo kwa ndani, na wa chumbani ulizibwa na Wifi mwenyewe. Hakukuwa na pa kupitia.

Hakupiga kelele. Fundi alimkuta ameketi chini, anazungusha macho jikoni kama anayetafuta nzi. Mwalimu aliporudi, pembeni mwa kabati, alikuwa na unyevu kwenye nywele kama aliyetembea katika umande, na kitu cha kwanza alichosema kilikuwa: "Nimekaa sana safari hii. Mlikuwa wapi?"

Wakaanza kumtazama kwa zamu. Hakuna aliyelipanga, lilijipanga lenyewe. Fundi alifunga karakana. Mmoja alipokula mwingine alitazama, mmoja alipolala mwingine alikaa kitini kichwani pa kitanda na taa ikiwaka. Mwalimu aliogea mlango wazi. Alikwenda msalani Wifi akiwa mbele yake, wakizungumza habari za bei ya mchele ili kuficha aibu. Mwanamke aliyezoea kusimama mbele ya darasa zima bila kutetereka sasa aliomba ruhusa ya kukohoa, akihofu kumshtua mwangalizi akapepesa vibaya. Kupepesa peke yake hakukumpeleka, waligundua, ila kupepesa kwa uchovu, kule ambako kope hushuka zikasahau kupanda, kulitosha.

Fundi alikwenda kwa mjane. Mjane aliishi kwenye nyumba ya chumba kimoja iliyojaa masanduku yasiyofunguliwa, ya mtu anayehamahama. Fundi alipomweleza, mama yule alivua miwani akaiweka mapajani, wala hakujifanya hajui.

Alisema mumewe alikuwa na mdogo wake wa kike aliyeishi nao, msichana mchangamfu, na wote wawili walipenda gemu. Kwa miaka walichezea kwenye runinga ndogo ya chogo na hapakuwa na tatizo. Kisha mumewe akanunua runinga pana, akatafuta mtu akampanulia picha. Msichana akapungiwa mkono.

"Tulimtazama," mjane akasema. "Tulimtazama mvua zote na kiangazi chote. Halafu siku moja, mwanangu, tukachoka. Hakuna lingine. Tulichoka wote wawili kwa pamoja, na tulipoamka hakuwepo, na hajarudi tena."

Mumewe aliirudisha picha kuwa ndogo, akakaa mbele yake mpaka kifo, akitumaini kumwona dada yake akipita katikati. Hakupita. Fundi akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi kwa kuwa ugomvi ulikuwa umemwishia, kwa nini basi alimletea mtu mwingine. Mjane akajibu kwamba hakukusudia ifunguliwe huko. Alidhani fundi hukaza nyaya tu, na kwamba picha itafunguka kwake mwenyewe, nyumbani, akiwa peke yake. Alitaka kumwona tu. Alitaka kujua kama bado amesimama.

Kisha akauliza, kwa haya, kama mkewe alimtaja msichana. Fundi akasema hapana. Mjane akatikisa kichwa mara nyingi, akavaa miwani yake.

Tabibu wa kutoa majini, aliyeitwa na Wifi, alikuwa mama wa makamo, mtulivu, aliyeingia kwa viatu vya raba na mkoba wa ngozi kama muuguzi wa nyumba kwa nyumba. Alifukiza kila chumba. Alisomea maji akanyunyiza kwenye kingo za madirisha, chini ya kitanda, ndani ya runinga ya karakana ambayo Fundi alikuwa ameigeuza ikatazama ukuta. Aliita, akasikiliza, akaita tena kwa lugha ambayo hawakuijua. Kisha aliketi mbele ya Mwalimu, goti kwa goti, akamtazama muda mrefu, akamwambia Fundi na Wifi wageuke wote wawili, yeye atamtazama. Waligeuka. Nyuma yao hawakusikia kitu. Halafu tabibu naye, kwa makusudi, alifumba macho yake.

Walijua kwa harufu. Safari hii ilikuwa nzito, nywele na vumbi na kitu kibichi chini yake, na ule mlio, ambao Fundi hakuwahi kuusikia hata siku moja, aliusikia sasa, mwembamba kama sindano, ukitoka si kwenye runinga wala ukutani bali kutoka pembeni mwa macho yake mwenyewe, na kila alipogeuza kichwa kuufuata ulihama nao, ukikaa palepale jicho linapoishia, kushoto, karibu na sikio, kana kwamba kitu kirefu kimeinama juu ya bega lake na kinangoja atazame mbele ndipo kivute pumzi. Wifi alikuwa akilia bila sauti. Tabibu alipofumbua macho ilimbidi ayazungushe chumbani mara nyingi, kwa uvumilivu, kona baada ya kona, mpaka Mwalimu alipokuwa tena pale, amesimama nyuma ya mlango, na midomo yake imegeuka rangi ya majivu.

Tabibu alikusanya vitu vyake. Fundi akamshika mkono, akamwomba asiondoke bila kukitoa.

"Mimi hutoa kilichoingia," mama yule akasema taratibu. "Hapa hakuna kilichoingia. Mkeo ndiye anayetoka."

Akawaambia waendelee kumtazama. Fundi akauliza mpaka lini, naye akasema hajui. Wifi akauliza kuhusu mtoto. Tabibu aliutazama mkoba wake, akaufunga, akakataa malipo, na kwa wote watatu kule kukataa kulikuwa kubaya kuliko jibu lolote.

Jioni, Mwalimu akiwa amelala ubavu na Fundi amekaa mbele yake kwenye stuli, aliuvuta mkono wa mumewe akauweka tumboni. Palikuwa kimya. Fundi alikumbuka kwamba kwa siku kadhaa hakuwa ameambiwa njoo ushike, anacheza.

Mwalimu akamwambia jambo alilokuwa amelificha. Alisema kule kwenye ukungu tumbo lake huwa jepesi. Alidhani ni hofu, au ni kwa kuwa kule mwili hauna uzito. Lakini safari hii yule aliye pembeni alikuwa amesogea karibu kiasi cha kumwona bila kugeuza shingo, na alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyebeba.

"Ninyi mmenitazama mimi," akasema. "Yeye nani amemtazama?"

Fundi alielewa, na alitamani asingeelewa. Walimlinda mkewe kwa macho mchana na usiku, wakakesha, wakapeana zamu, wakaona wanashindana na kitu na pengine wanakiweza. Wakati wote huo kulikuwa na mtu wa nne ndani ya nyumba ambaye hakuna jicho lililowahi kumfikia, aliyekuwa gizani tangu siku ile ya kupunga mkono, na ambaye, ikiwa kanuni ni ile waliyoijua, hajawahi kuwa hapa hata kwa dakika moja. Kilichokuwa kinakuja na kuondoka ni mama. Mtoto alikuwa amekwisha kwenda zamani.

Asubuhi walikwenda hospitali kupiga ultrasaundi. Wifi alikaa mbele yake kwenye teksi, kinyumenyume, akimtazama na kumsimulia vituko vya jikoni kwao, jinsi mgonjwa mmoja alivyorudisha uji akidai una chumvi ya machozi ya mpishi. Mwalimu alitabasamu ili kumlipa. Koridoni palikuwa na benchi refu la wanawake, kila mmoja na tumbo lake na karatasi yake, nao wakaja kuketi mwishoni, Fundi akiwa amechuchumaa mbele ya mkewe kama anayemfunga viatu, na wale wanawake wakanong'onezana kwamba huyo amepata mume.

Mpiga picha alikuwa kijana mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri. Alimruhusu Fundi aingie, Wifi akabaki mlangoni. Alipaka mafuta ya baridi tumboni, akaweka kifaa chake, akageuza kioo ili na wao waone. Picha ilikuwa kipande cha upepeo, pana chini, nyembamba juu, ya kijivu na nyeusi na yenye chengachenga, mbaya kuliko mashine yoyote ambayo Fundi aliwahi kuitengeneza.

Ilikuwa tupu.

Kijana akasema ngoja kidogo, akahamisha kifaa. Fundi alikuwa ameacha kumtazama mkewe, kazi hiyo amemwachia Wifi, naye alikuwa amekodolea kioo kile kwa nguvu zake zote kana kwamba angeweza kumchora mtoto kwa kutazama tu, na moyoni hakuwa na dua wala neno, ila njoo, njoo, njoo. Kisha kwenye ukingo wa kushoto, kutoka mahali ambapo picha ilikuwa imekatika, kitu cheupe kikaingia kidogo. Kikasita. Kikaingia kizima. Kichwa, mgongo wenye mnyororo wa shanga, mguu uliokunjwa, na katikati kitone kinachopapatika haraka haraka.

"Huyu hapa," kijana akasema kwa furaha. "Alikuwa amejificha. Moyo unapiga vizuri sana, mama."

Mwalimu aliweka kiganja mdomoni. Alihisi teke, la kwanza baada ya siku nyingi, akashtuka, akacheka, akaanza kulia. Wifi mlangoni akalia pia huku macho yakimtoka pima asipepese. Fundi hakulia. Alikuwa ameona mtoto alivyoingia. Alijua vitu vinavyoingia hivyo, vile vinavyongoja ukingoni kuonwa.

Kijana akaendelea na kazi yake, akipima kichwa, akipima paja, akisema hiki ni kizuri, hiki kimetimia. Akafika kwenye mikono. Akahesabu vidole vya mmoja kwa sauti, akawaonyesha mwingine uliofungwa ngumi. Kisha akasogea karibu na kioo, akaminya jicho, akageuza kifaa kidogo upande wa kushoto wa tumbo, akakirudisha.

"Ni mmoja, sivyo? Hamkuwahi kuambiwa pacha?" aliuliza. Wakasema hapana. Akaguna, kama mtu anayesahihisha hesabu ndogo. Alisema itakuwa kivuli, mashine ilikuwa na umri wake, kwenye kingo haikuwa ya kuaminika. Lakini Fundi aliona. Kwenye fundo la mguu wa mtoto, vikitokea ukingoni, kulikuwa na vidole virefu vilivyoshika bila kubana, na katika picha ile ya chengachenga ambamo uso wa mwanawe mwenyewe ulikuwa wingu tu, vidole hivyo vilionekana kwa uwazi wote, na kila kimoja kilikuwa na ukucha.

Kijana alifuta mikono yake kwa karatasi. Akasema wamemaliza, kila kitu ni salama, mama anaweza kujifuta.

"Usizime," Fundi akasema.

Kijana akadhani ni furaha ya baba, akatabasamu, akamwacha atazame kidogo zaidi. Moyo ulipapatika pale katikati. Fundi hakupepesa. Alisema tena, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba anamwomba asiizime, kwamba atakaa hapa, kwamba hatamsumbua mtu, aiache tu iwake. Alishika ukingo wa meza ya mashine kwa mikono miwili. Mwalimu, akiwa chali, alimtazama mumewe, kisha akakitazama kioo, na kicheko kikamtoka usoni taratibu.

Kijana aliwaangalia wote wawili, akaangalia mlangoni ambako Wifi alikuwa amesimama akitiririkwa na machozi na macho yamemtoka. Akasema kwa upole kwamba anaelewa, lakini nje kuna kina mama wengi wanangoja.

Akanyoosha kidole, akabonyeza.